Kocha Ananipima Kilo Kabla ya Kunipima Muda

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 43, ni mhasibu hapa Dar es Salaam. Nimekulia Tanga, na bahari niliijua kabla sijajua kusoma. Nilishindana kuogelea nikiwa shule, nikaacha nilipoanza kazi. Nilirudi majini nikiwa na miaka 36, baada ya mtoto wa pili, kwa sababu mgongo ulinisumbua na daktari akanishauri niogelee. Mgongo ulipona ndani ya miezi michache. Mimi nikabaki, maana nilikuwa nimepata mahali ambapo kwa saa moja na nusu hakuna anayeniita mama, wala mhasibu, wala mke wa fulani.

Klabu yetu ni ya watu wazima. Tunafanya mazoezi mara nne kwa wiki, saa 11 na nusu alfajiri. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja tulipata kocha mpya. Wiki ya kwanza alikuja na mizani, akaiweka pembeni ya bwawa. Tangu hapo kila Jumamosi tunapanda mmoja mmoja tukiwa na vazi la kuogelea, yeye anasoma kilo kwa sauti na kuziandika ubaoni, wanaume na wanawake pamoja. Siku ile nilikuwa na kilo 81. Urefu wangu ni sentimita 164. Akasema, "Mama, unaburuta mzigo wa mtu mwingine." Watu wakacheka. Nami nikacheka, Shangazi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mwezi wa sita tuna mashindano ya watu wazima nje ya nchi. Mimi nimo kwenye timu ya kupokezana ya wanawake, mita 50 mara nne. Wenzangu wana miaka 36, 38 na 51. Kocha ameniambia nikishindwa kufika kilo 70 nafasi yangu atapewa dada mmoja wa miaka 29.

Sasa nina kilo 73. Asubuhi nakunywa kahawa nyeusi. Mchana tango na yai moja. Jioni maharage vijiko vichache. Simu yangu inahesabu kalori 1,200 kwa siku, na ikizidi najisikia nimefanya kosa. Usiku nakunywa majani ya chai ya kupunguza tumbo niliyonunua Kariakoo. Halafu kuna siku nashtuka saa saba za usiku, naenda jikoni bila kuwasha taa, nakula pilau la jana nimesimama, kwenye sufuria, mpaka tumbo linauma. Kesho yake sigusi kitu mpaka magharibi.

Muda wangu wa mita 100 mtindo huru mwezi wa kumi ulikuwa dakika 1 na sekunde 22. Jumamosi iliyopita ulikuwa dakika 1 na sekunde 27. Nilipogeuka ukutani mara ya tatu niliona nyota, nikashika kamba. Kocha anasema ni kwa sababu bado sijafika kilo zinazotakiwa. Nywele zinanitoka. Siku zangu sijaziona miezi minne. Nimejiambia ukomo umefika.

Zamani nilitoka chumba cha kubadilishia nguo mpaka kwenye jukwaa la kurukia bila kufikiri. Siku hizi najifunga kanga mpaka sekunde ya mwisho, naitupa kwa rafiki yangu, naruka. Nguo nabadilishia chooni. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna mtu alirusha picha yangu nikiwa hewani, akaweka na nyangumi pembeni. Hakuna aliyesema neno.

Mama yangu alikuja kutoka Tanga wakati wa Idi. Aliponiona alishika mdomo. "Mwanangu, umekwisha. Unaumwa nini? Niambie mimi." Alilia. Kwa hiyo bwawani mimi ni mnene, nyumbani mimi ni mgonjwa.

Binti yangu ana miaka 12. Wiki mbili zilizopita alisukuma sahani ya wali akasema, "Mimi sitaki kuwa kama wewe wa zamani." Ndipo nikachukua kalamu.

Niendelee mpaka kilo 70? Niache mashindano? Na je, ni kweli uzito ndio unaonichelewesha?

Mimi,
Muogeleaji wa Msasani


Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Maswali yako matatu nitayajibu, lakini kuna mambo hayawezi kungoja, niyatangulize.

Ile chai, iache usiku wa leo. Nyingi ya chai hizo zina sena, na sena ni dawa ya kuharisha. Mafuta ya mwilini haiyagusi hata kidogo. Inachotoa ni maji, na pamoja na maji inatoa madini ya potasiamu ambayo misuli huyahitaji ili ijikunje na kujikunjua. Moyo nao ni msuli. Mtu anayekula kidogo, anayeharishwa kila usiku, kisha anaruka bwawani alfajiri bila kitu tumboni, huyo kuona nyota ukutani ni onyo. Kizunguzungu barabarani utaketi kwenye ukingo wa mtaro mpaka kipite. Majini hakuna pa kuketi. Mpaka daktari akuone, usiingie kwenye bwawa wala baharini, hata kwa mazoezi mepesi, hata kama rafiki yako yuko ukingoni.

Hospitali nenda wiki hii. Mweleze daktari kila ulichoniandikia mimi, pamoja na chai na pilau la usiku, usimfiche kwa aibu. Aanze na kipimo cha mimba. Najua utatikisa kichwa, lakini una mume, una miaka 43, na siku zimepotea miezi minne. Hicho ndicho kipimo cha kwanza kwa kila mwanamke aliye kwenye hali yako. Baada ya hapo wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma, potasiamu, tezi ya shingoni, na homoni za uzazi. Ukomo wa hedhi wanawake wengi huufikia karibu na miaka 50, na hausemwi kuwa ni ukomo mpaka upite mwaka mzima bila kuona siku. Dalili za kuuelekea zaweza kuanza kwenye umri wako, sikatai. Lakini siku zilizokatika palepale ulipoanza kujinyima chakula, mimi ningeutazama mlo kwanza.

Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la wataalamu kuhusu hali inayompata mwanamichezo asiyekula cha kutosha kulingana na anachotumia, na wamelirudia na kulipanua mwaka 2018 na 2023. Kabla ya hapo madaktari walizungumzia wanawake zaidi: mlo, hedhi na mifupa. Tamko likasema wanaume nao wamo, na kwamba madhara hayaishii hapo: yanafika kwenye moyo, kinga ya mwili, hali ya akili, na kasi yenyewe mtu anayoitafuta. Mwili ukiona kinachoingia hakitoshi, unaanza kuzima taa chumba kwa chumba. Uzazi huzimwa mapema, kwa sababu mtu anaweza kuishi bila kuzaa. Nywele nazo hivyohivyo.

Wewe ni mhasibu, basi tupige hesabu. Wataalamu hawa hawahesabu uzito wote. Huondoa mafuta, wakahesabu kinachobaki. Tuchukulie theluthi moja ya kilo zako 73 ni mafuta. Zinabaki kama 49. Mwanamke anahitaji takriban kalori 45 kwa kila kilo hiyo ili mwili uendeshe shughuli zake zote, na hiyo ni baada ya kutoa zilizotumika mazoezini. Akishuka chini ya 30 madhara huanza kuonekana kwa wengi, ingawa wao wenyewe wanasema 30 haikuchorwa kama mpaka wa nchi, kuna wanaoumia kabla ya hapo. Wewe unakula 1,200. Mazoezi ya alfajiri tuseme yanakula 500. Zinabaki 700. Gawa kwa 49: ni 14. Hata nusu ya 30 hujafika. Ukiletewa vitabu vya kampuni vyenye hesabu kama hiyo, utasaini?

Na usijilaumu kwa pilau la saa saba usiku. Unaniandikia kama mwizi aliyekamatwa. Huo mwili umeshindishwa na njaa, ukaamka kutafuta chakula ambako unajua kipo. Ukianza kula asubuhi na mchana kama watu, safari za jikoni gizani zitapungua. Zisipopungua ndani ya wiki kadhaa, au ukiona huwezi kuongeza chakula bila woga mkubwa, hapo unahitaji mtu aliyesomea. Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, na kwenda huko hakumfanyi mtu kichaa. Matatizo ya kula yanawapata watu wazima, mama wa watoto, wahasibu. Si ya wasichana wa kwenye majarida tu.

Sasa swali lako la tatu: uzito ndio unaokuchelewesha? Jibu umeliandika wewe mwenyewe. Kwa kilo 81 ulitumia sekunde 82. Kwa kilo 73 umetumia 87. Umepunguza kilo nane, umeongeza sekunde tano. Hapo kocha akisema tatizo ni kilo tatu zilizobaki, ni kama fundi aliyepunguza mguu mmoja wa meza ikayumba, akaomba msumeno apunguze tena.

Sitakudanganya kwamba mwili mkubwa hauna tofauti yoyote majini. Maji ni mazito kuliko hewa kwa zaidi ya mara mia nane, na ukizidisha mwendo mara mbili, ukinzani wake unakuwa mara nne. Mwili mpana unasukuma maji mengi zaidi. Lakini kinachokuza ukinzani kwa mwanamichezo wa kawaida ni mkao. Kichwa kikiinuka, nyonga zinashuka, na mtu mwembamba aliyelala mshazari anaziba njia kubwa kuliko mnene aliyenyooka. Mafuta yanaelea, misuli na mifupa inazama. Nyonga na mapaja unayoyafunika kwa kanga ndiyo yanayosaidia kuibeba miguu yako juu, na waulize wanaume wa klabu yenu wenye miguu mikavu kama mpini wa jembe, watakueleza wanavyohangaika miguu isizame. Tena ukijinyima namna hii hupunguzi mafuta peke yake. Unapunguza na misuli ya mgongo na mabega inayovuta maji, na unaingia bwawani bila akiba ya wanga ambayo mbio za dakika moja na nusu huitegemea.

Lynne Cox wa Marekani aliogelea mlangobahari wa Bering tarehe 7 Agosti 1987, kutoka kisiwa cha Marekani hadi cha Urusi ya Kisovieti, kwenye maji ya baridi kali ya nyuzi chache tu juu ya sifuri, akiwa na vazi la kawaida la kuogelea. Alikaa majini zaidi ya saa mbili. Wanasayansi walikuwa wamempima kabla: mwili wake ulikuwa na mafuta mengi kuliko wanawake wengi wa umri wake, nayo yalimkinga na baridi. Simleti hapa ili ukanenepe uende Bering. Ninachotaka uone ni kwamba mchezo huu una kazi nyingi, na hakuna umbo moja la kuzifanya zote.

Kama unatafuta sekunde, ziko hapa. Kwenye bwawa la mita 25, mita 100 ina kuta tatu za kugeukia. Sheria inakuruhusu kwenda chini ya maji mpaka mita 15 baada ya kuruka na baada ya kila ukuta. Wengi wetu wa umri mkubwa tunaibuka kwenye mita ya nne kwa kukosa pumzi. Ukijifunza kujisukuma ukiwa umenyooka, mikono imebana masikio, ukaibuka mita ya saba au ya nane, sekunde zinapungua bila kukosa chakula cha jioni. Hayo ni mambo ambayo kocha anatakiwa kukufundisha. Muulize mara ya mwisho alikaa ukingoni akatazama kugeuka kwako ni lini.

Kuhusu afya, niseme ukweli wote. Kwa jedwali la hospitali, kilo 81 kwa urefu wako zinakupeleka kwenye 30 ya kipimo cha uzito kwa urefu (BMI), mstari ambapo wanaanza kuandika kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza. Jedwali hilo halijui misuli na mafuta ni vitu viwili, lakini silitupi. Presha, sukari na kipimo cha kiuno vitamweleza daktari mengi zaidi. Akisema kuna haja ya kupunguza, mtapanga polepole, ukila, ukiona siku zako, mwaka mzima au zaidi. Mazungumzo hayo ni ya chumba cha daktari na mlango umefungwa. Hayahusu ubao wa bwawani.

Halafu mifupa. Hapa nitakaa kidogo, maana waogeleaji hatuambiwi. Maji yanatubeba, ndiyo raha yake, lakini mfupa hukomaa kwa kubeba. Mkimbiaji na mcheza netiboli mifupa yao hugongwa na ardhi kila siku ikaitikia kwa kuwa imara. Yetu haisikii kitu. Ukiongeza na kukosa homoni ya kike kwa sababu ya njaa, unachota benki ambayo huwekezi. Mimi ujana wangu wote niliupitisha majini, na nilikuwa na kocha wa kubana nyama za watu kwa vidole. Niliacha hata kunywa maji siku za kupimwa. Nilipofika miaka 51 niliteleza kwenye ngazi mbili tu za nyumbani, mkono ukavunjika sehemu mbili. Daktari aliponionyesha picha aliniuliza kama niliwahi kuwa na njaa ya muda mrefu. Nilikaa kimya, kisha nikalia, maana sikuwahi kuiita njaa. Niliiita nidhamu.

Kwa hiyo ukipata ruhusa ya daktari, siku mbili kwa wiki toka majini. Inua vitu vizito, ruka kamba, panda ngazi na mizigo.

Chakula usinunue cha makopo. Kabla ya mazoezi ya alfajiri, ndizi mbivu mbili au kipande cha mkate na chai ya maziwa. Ukitoka, usisubiri mpaka ofisini: uji wa ulezi wenye karanga, au mtindi na viazi vitamu. Mchana sahani kamili, wali au ugali, na dagaa ukiweza, wale wanaoliwa na mifupa yao. Jioni kaa mezani na watoto wako, ule walichokula. Mtu wa Tanga kukosa mahamri na mbaazi za nazi Jumapili kwa ajili ya mizani ya mtu, hilo linanikera kwa namna yake.

Tuje kwa kocha. Fomu ya mashindano ya watu wazima unaijua. Inauliza umri. Kuogelea hakuna madaraja ya kilo kama ndondi au judo. Mchezo wa watu wazima chini ya World Aquatics, shirikisho la dunia la kuogelea, unaanza miaka 25, mnapangwa kwa makundi ya miaka mitano mitano, na umri wako ni ule utakaokuwa nao Desemba 31 ya mwaka wa mashindano. Timu ya kupokezana inapangwa kwa jumla ya umri wa wanne. Sasa tazama: 36, 38, 51 na wewe 43, jumla 168. Mnaingia kundi la 160 hadi 199. Akikutoa wewe akaweka dada wa miaka 29, jumla inakuwa 154. Timu nzima inashuka kundi la 120 hadi 159, wanaanza kushindana na wanawake wenye umri mdogo kuliko wao. Katika kutafuta kilo tatu, kocha wenu amesahau kujumlisha namba nne. Mpelekee hesabu hiyo kwenye karatasi, kwa adabu.

Na umwambie hivi, ukiwa umevaa nguo zako za kazi, faraghani: "Kocha, nataka kuogelea kwenye timu hii, ila mizani sitapanda tena, na kilo zangu naomba zifutwe ubaoni. Nikipungua mwendo niambie mwendo. Mengine yako kwa daktari wangu." Asipoelewa, nenda kwa viongozi wa klabu, na usiende peke yako. Mama wa miaka 51 kwenye timu yenu, nina hakika kama nilivyo hapa, naye Jumamosi hali kifungua kinywa. Hata wanaume. Kuna mwanamume pale anayevuta tumbo ndani akipanda ile mizani na hajamwambia mkewe.

Yule aliyeweka nyangumi amenikumbusha Robel Kiros Habte wa Ethiopia. Olimpiki ya Rio, 2016, mita 100 mtindo huru, alimaliza wa mwisho kati ya waogeleaji 59, kwa dakika 1 sekunde 4 na nukta 95. Kulikuwa na swali halali la kuuliza, la jinsi alivyochaguliwa, kwa kuwa baba yake ndiye aliyekuwa rais wa shirikisho la kuogelea la nchi yake. Lakini dunia haikuanzia hapo. Ilianzia tumboni. Magazeti ya nchi za mbali yalimwita Robel nyangumi, picha za tumbo lake zikazunguka, na kijana wa miaka 24 akawa kichekesho kwa umbo lake. Miaka minne kabla, London 2012, Leisel Jones wa Australia, bingwa wa Olimpiki wa Beijing kwa mtindo wa chura, gazeti la kwao lilichapa picha yake na kuwauliza wasomaji kama wanaona yuko fiti. Ilikuwa Olimpiki yake ya nne. Alitoka pale na medali ya fedha, tena ya kupokezana kama yako. Mmoja alikuwa wa mwisho, mwingine bingwa, na wote wawili walitazamwa tumbo. Ndiyo maana nakwambia, usitegemee kwamba kilo 70 zitawanyamazisha.

Kwenye kundi andika sentensi moja: picha ile iliniumiza, naomba ifutwe. Usiweke alama ya kucheka mwishoni.

Mama yako msamehe machozi yake. Mwanamke wa umri wake aliona mambo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983. Kule waliuita Juliana, Uganda wakauita Slim, yaani wembamba. Kwa miaka mingi mtu kukonda ghafla ilikuwa habari ya msiba. Pwani kwetu nako, tangu zamani, mtu akinona husemwa ametulia, ameng'ara, anatunzwa. Mama yako na kocha wako wote wanausoma mwili wako bila kukuuliza, lakini mama anausoma kwa hofu ya kukupoteza. Mpigie simu. Mwambie, "Mama, sikuwa mgonjwa, nilikuwa sili. Nimeanza kula." Atakutumia samaki wa kukaanga na basi la kwanza.

Binti yako nimemweka mwisho kwa sababu yeye ndiye aliyekushikisha kalamu. Msichana wa miaka 12 mwili unaongezeka uzito, na ndivyo unavyotakiwa. Asipolijua hilo ataona amekosea. Toa mizani nyumbani kwako, kama ipo. Usiuseme vibaya mwili wako mbele yake, wala wa shangazi zake, wala wa mtangazaji wa kwenye runinga. Usimlazimishe kula na usimsifie akiacha. Lakini yapo yasiyongoja: akianza kukonda, akikimbilia chooni kila baada ya kula, akificha chakula, au akikosa siku zake baada ya kuzianza, mpeleke hospitali bila kungoja mwezi uishe. Na mwambie ukweli kwa maneno yake ya miaka 12: mama alikosea, alijinyima chakula mpaka akaona kizunguzungu bwawani, sasa anajirekebisha. Sahani yake ikiwekwa, yako iwepo, imejaa, na uile mbele yake.

Kuacha mashindano? Sijaona sababu hata moja kwenye barua yako. Kilo 70? Hapana. Pumzika kwanza mpaka majibu yatoke. Ikibidi mwezi wa sita upite bila wewe, upite. Kama Desemba 31 mwaka huu bado utakuwa na 43, umri wako kwenye fomu mwakani ni 44, bado ni kundi la 40 hadi 44.

Niandikie ukishapata majibu ya damu. Na ukirudi majini, baada ya wiki nane hivi za kula, mwombe rafiki yako anayeshika kanga akupimie mita 100, unitumie muda.

Shangazi yako.